Bata mzinga ametoka mkavu: kutafuta kosa lilipoanzia

Malalamiko kuhusu bata mzinga huja kisu kikishaingia. Wageni wamekaa, kipande cha kwanza kimefika sahanini, na hapo ndipo lawama zinapotafutiwa pa kuangukia: ndege alikuwa mzee, oveni ni mbovu, ile habari ya kumloweka kwenye maji ya chumvi ni uongo mtupu. Humu nitaanzia pale pale kwenye ubao wa kukatia nyama, kwenye kile unachokiona na kukionja, kisha turudi nyuma mpaka mahali kosa lilipofanyika. Vipimo vyote vya joto ni nyuzi za Selsiasi.

Neno moja kwanza, kwa sababu litarudi mara nyingi huko chini. Chumvi na moto vina kazi mbili tofauti. Chumvi huisaidia nyama kushika maji yake inapopata joto. Moto ndio unaoamua kama maji hayo yatabaki au yatakamuliwa. Aliyeloweka vizuri amejipatia nafasi ya kupitiliza nyuzi chache bila kuharibu chakula. Lakini bado anapaswa kujua nyama yake imefikia joto gani, na hilo halijulikani kwa macho.

## Kidari kimekauka, mapaja yako sawa

Hili ndilo linalolalamikiwa kuliko yote, na ndilo lenye mengi ndani yake.

Kata kipande cha kidari chenye unene wa kidole, ukitazame. Kilichoiva sawasawa hukatika kwa mstari safi, uso wake unang'aa, na ukikibonyeza kinatoa tone. Kilichopitiliza huachana nyuzi nyuzi, uso wake ni mweupe kama chaki, na nyuzi hizo hung'ang'ania kisu. Ukitafuna unahisi kama mate yako yanafyonzwa. Ukiona hivyo usihangaike na swali la viungo. Maji yametoka, na yametolewa na joto.

Protini za nyama zikipata joto hujikunja na kukaza, kama nguo iliyoloa inavyosokotwa. Kuanzia nyuzi 60 hivi msokoto unazidi, na ikipita 70 maji yanatoka kwa kasi. Chumvi huyeyusha sehemu ya protini hizo kabla ya moto, zikalegea kiasi kwamba zikifika kwenye joto hazisokoti kwa nguvu ile ile. Ndiyo kazi yake yote kwenye unyevu wa nyama. Ikifika nyuzi 85, hata zilizolegezwa zimeshakamua.

Sasa, kwa nini mapaja yaliponea? Kwa sababu ni nyama ya aina nyingine. Mapaja humbeba ndege siku nzima, kwa hiyo yana mafuta zaidi na kolajeni nyingi, ule utando mgumu unaoshikamanisha misuli. Kolajeni hugeuka jelatini polepole joto likipita 70 na kukaa huko kwa muda, na jelatini hiyo ndiyo inayofanya paja liwe laini na lenye utelezi mzuri mdomoni. Kidari hakina kitu hicho cha kujiokoa. Kwa hiyo kidari ni kitamu kati ya nyuzi 66 na 74, na paja ni tamu kati ya 77 na 82. Halafu tunamlaza ndege chali, kidari kikiwa juu kwenye joto kali, maungio ya mapaja yakiwa yamejificha chini na mbavuni. Tunakipa moto mwingi kile kinachohitaji kidogo.

Kabla ya kurekebisha chochote, jiulize: kidari kilisoma nyuzi ngapi kilipotoka? Kama hukupima, basi hilo ndilo kosa la kwanza, na dawa yake ni kununua kipima joto cha kuchoma nyama kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kama kilisoma 80 au zaidi, kosa ni moto. Kama kilisoma 70 na bado kimekauka, huenda ncha haikuwa mahali pake. Inatakiwa iingie kwenye sehemu nene kabisa ya kidari, kutoka upande wa shingo, isiguse mfupa, na uipime pande zote mbili za kidari. Nimeona kidari kilichosoma 68 kulia kikasoma 76 kushoto, kwa sababu nyuma ya oveni kulikuwa na joto zaidi.

Wengi wanaokausha kidari wanafuata namba ya zamani. Kwa miaka mingi ushauri uliosambaa Marekani ulikuwa bata mzinga mzima afike nyuzi 82. Mwaka 2006 Idara ya Kilimo ya nchi hiyo ilitoa namba moja ya usalama kwa nyama yote ya ndege, nyuzi 74. Vitabu vingi vya mapishi vya kabla ya hapo bado viko jikoni, na vile vitufe vya plastiki vinavyochomekwa kwenye kidari na kuruka juu "ndege akiiva" mara nyingi huruka karibu na ile 82. Kikiruka, kidari kimeshakwenda. Kiache mahali pake ukipenda, lakini usikitegemee.

Mtoe ndege kidari kikisoma 70 au 71. Joto lililo nje ya nyama litaendelea kuingia ndani kwa nyuzi 3 hadi 6 akiwa amepumzishwa, na utaifikia 74. Thibitisha kwa kupima tena baada ya dakika kumi na tano. Kwa kweli usalama ni joto pamoja na muda, na nyama inayokaa kwenye 66 kwa dakika kadhaa huwa imeua vijidudu vilevile. Lakini mezani kukiwa na watoto wadogo, wazee, wajawazito au mgonjwa, fuata 74 bila mjadala.

Kuhusu kusawazisha kidari na mapaja, wengine hufunika kidari kwa foili tangu mwanzo na kuifunua dakika arobaini za mwisho. Inasaidia kiasi. Wengine hutenganisha mapaja na kidari kabisa, wakayaoka pamoja lakini wakatoa kila kimoja kikifikia namba yake. Hiyo ni njia ya uhakika, ila ndege hafiki mezani akiwa mzima. Mimi nimeishia kumpasua. Kwa mkasi wa jikoni unakata pande mbili za uti wa mgongo, unautoa wote, unamgeuza, kisha unakandamiza katikati ya kidari kwa viganja mpaka usikie mfupa ukilia kwa sauti. Ndege analala bapa, mapaja yanakuwa wazi pembeni yakipata joto jingi, kidari kinabaki katikati kikiwa na unene unaolingana. Ndege wa kilo 5 au 6 kwenye nyuzi 220 hadi 230 huiva kwa dakika 80 hadi 100 badala ya saa tatu, na ngozi yote iko juu kwa hiyo yote inakauka vizuri. Ule uti wa mgongo unaanzisha mchuzi.

Na kama kidari kimeshakauka na watu wanasubiri? Kitoe kizima kutoka kwenye mfupa, kikate vipande vyembamba kukatisha nyuzi za nyama, vipange kwenye sahani ya moto na uvimwagie supu ya moto yenye ladha. Usikirudishe kwenye oveni.

## Amelowekwa, lakini huwezi kujua

Hapa kidari hakikupikwa kupita kiasi, lakini nyama ni ya kawaida tu, na chumvi inaonjeka kwenye ngozi peke yake. Karibu kila mara ni moja ya haya: maji hayakuwa na chumvi ya kutosha, muda ulikuwa mfupi, au ndege alikuwa bado ameganda ndani.

Kipimo ninachotumia kwa maji ni gramu 60 za chumvi kwa kila lita, na ndege mzima hukaa humo kati ya saa 12 na 24 kutegemea ukubwa. Kidari peke yake chenye mfupa kinatosheka na saa 6 hadi 8. Saa mbili tatu hazifanyi kitu kwa ndege wa kilo sita; chumvi husafiri ndani ya nyama polepole mno. Sukari, gramu 30 kwa lita, si lazima; inasaidia ngozi kupata rangi na inapunguza ukali wa chumvi.

Suala la kuganda ndilo linalowaponyoka wengi. Ingiza mkono kwenye tumbo la ndege. Ukigusa vipande vya barafu, au kifuko cha shingo, maini na firigisi kimegandamana na mbavu, huyo hajayeyuka, na chumvi haipiti kwenye barafu. Kwenye friji, hesabu siku nzima kwa kila kilo 2 hadi 2.5: ndege wa kilo 7 anataka siku tatu kamili, na nne ni salama zaidi. Ukichelewa, mzamishe akiwa kwenye mfuko wake usiovuja katika maji baridi, saa moja na kidogo kwa kila kilo, ukibadilisha maji kila nusu saa. Usimyeyushe mezani. Nje inakuwa na joto la chumba kwa saa nyingi huku ndani bado ni jiwe, na bakteria hawasubiri ndani iyeyuke.

Kutumia chumvi kavu, gramu 10 hadi 12 kwa kila kilo ya ndege, ni njia ninayoipenda zaidi na sababu zake utaziona kwenye sehemu ya ladha na ya ngozi. Unapaka nyingi kwenye kidari na mapaja, ukipenyeza vidole chini ya ngozi bila kuichana, kidogo tumboni, kisha unamweka kwenye friji bila kumfunika siku moja hadi tatu. Mwanzoni atatoa maji. Usiyamwage kwa haraka. Maji hayo yanayeyusha chumvi, kisha sehemu kubwa inarudi ndani ya nyama pamoja nayo.

## Nyama ina chumvi kali

Mara nyingi kosa ni kikombe cha kupimia. Nilipima siku moja kikombe cha mililita 240 cha chumvi laini ya mezani: mizani ilisoma karibu gramu 290. Kikombe hicho hicho cha chumvi yenye chembe kubwa nyepesi kilikuwa nusu ya hapo. Maelekezo yanayosema "kikombe kimoja cha chumvi" bila kusema chumvi gani yanaweza kukupa maji mazuri au maji yenye chumvi maradufu, na wewe umefuata neno kwa neno. Tangu hapo sipimi chumvi ya kulowekea kwa vikombe tena. Mizani ya jikoni inamaliza tatizo hili moja kwa moja.

Sababu ya pili: ndege alikuwa ameshatiwa chumvi kabla hujamnunua. Bata mzinga wengi wa kwenye friza wamedungwa mchanganyiko wa maji, chumvi na mara nyingine fosfeti, kemikali inayosaidia nyama kushika maji. Soma maandishi madogo kwenye mfuko. Ukiona asilimia fulani ya "maji ya chumvi" au "mchanganyiko", au ukiona kuwa ni nyama ya koshe, yaani iliyoandaliwa kwa kanuni za dini ya Kiyahudi, ambazo hutaka itiwe chumvi, usimloweke tena. Mkaushe, mpake siagi na viungo visivyo na chumvi, mwoke.

Ya tatu ni muda. Siku mbili kwenye maji ya gramu 60 ni nyingi mno kwa ndege mdogo.

Ukishuku kabla ya kuoka, kata kipande kidogo pembeni mwa kidari, kikaange, uonje. Kikiwa kikali, mloweke ndege kwenye maji baridi matupu ndani ya friji kwa saa moja au mbili, ukibadilisha maji mara moja. Haitaondoa yote lakini inapunguza. Akishaiva hakuna cha kuondoa. Unachoweza ni kukata vipande vyembamba, kutupa ngozi, na kuandalia mchuzi usio na chumvi hata chembe pamoja na viazi au wali usiotiwa chumvi.

Mchuzi ndio unaowatega hata waliofanya yote sawa. Matone yanayobaki kwenye trei ya ndege aliyelowekwa yana chumvi nyingi, na yakichemka na kupungua yanazidi. Andaa supu ya shingo, firigisi na uti wa mgongo bila chumvi, kisha ongeza matone ya trei kijiko kwa kijiko ukionja. Na yale maji aliyolowekewa humwagwa. Hayawi supu, wala hayatumiki kwa ndege wa pili.

## Laini kupita kiasi, kama soseji

Huyu amekaa kwenye chumvi muda mrefu mno. Protini zilizoyeyuka zimekuwa nyingi, na zikipikwa zinashikamana zikawa kitu kimoja, ndiyo kanuni hiyo hiyo inayofanya soseji ishikane. Kidari kinakatika bila nyuzi, kinadunda kidogo kwenye meno, na kina rangi ya waridi hafifu. Si hatari. Lakini hairekebishiki, na usijaribu. Kata vipande vidogo uviweke kwenye pai au supu, ambako umbo hilo halionekani. Safari nyingine, kama huna uhakika wa muda, tumia chumvi kavu kwa kipimo cha mizani: hata akikaa siku ya ziada, chumvi iliyopo ni ile uliyopaka tu.

## Majimaji yapo, ladha haipo

Maji ya chumvi huingiza chumvi, na huingiza maji. Ndege aliyelowekwa huongezeka uzito, na sehemu ya ule unyevu unaosifiwa mezani ni maji ya bomba. Watu wengine hawajali. Mimi najali, na ndiyo sababu ya kwanza niliyohamia kwenye chumvi kavu: maji yanayobaki ndani ya nyama ni yake mwenyewe.

Kuhusu majani ya bay, pilipili manga, maganda ya machungwa na vitunguu saumu vilivyojaa kwenye ndoo, naomba tuambiane ukweli. Molekuli za harufu nyingi ni kubwa na haziyeyuki vizuri kwenye maji. Hazizami kwenye nyama kama chumvi inavyozama. Zinabaki juu juu. Viungo hivyo hivyo vikichanganywa na siagi na kupakwa chini ya ngozi, au kutiwa kwenye mchuzi, vinaonjeka mara kumi zaidi.

## Ngozi ni laini kama mpira

Ngozi haiwezi kukauka na kuwa nyepesi mpaka maji yaliyomo yaondoke, na aliyetoka kwenye ndoo ya maji ana ngozi iliyoloa kabisa. Mtoe, mfute kwa karatasi nje na ndani mpaka karatasi zitoke kavu, kisha mwache kwenye friji bila kifuniko usiku mzima. Asubuhi ngozi itakuwa imebana na inapitisha rangi ya nyama, kama karatasi ya ngozi ya ngoma. Hapo iko tayari. Usimsuuze kwenye sinki. Matone yanarukia bomba, vyombo na mboga, na yanabeba bakteria wa Salmonela na Kampilobakta.

Ukitumia chumvi kavu, changanya na bekingi pauda, sehemu moja kwa sehemu tatu za chumvi. Hupunguza asidi ya ngozi, rangi ikaja haraka na vijipovu vidogo vikatokea juu yake. Usizidishe, utaonja uchungu.

Waliokausha vizuri na bado wakapata ngozi laini, waangalie mambo matatu. Walimwagia matone ya trei kila nusu saa? Kila mara mlango unafunguka joto linashuka na ngozi inalowa upya, wala maji hayo hayaingii kwenye nyama. Trei ina kingo ndefu zilizomzamisha ndege kwenye mvuke wake? Mwinue juu ya waya. Au alifunikwa foili kwa kubana alipokuwa akipumzika? Mvuke ulirudi kwenye ngozi. Mfunike kwa kulegea, au usimfunike kabisa.

Ngozi iliyoungua huku nyama bado mbichi ni habari nyingine: sukari ilikuwa nyingi, au siagi iliwahi kupakwa kwenye moto mkali. Tandaza foili palipoiva tu, punguza oveni hadi 165, endelea.

## Pinki karibu na mfupa, au maji mekundu

Watu wengi wamerudisha oveni bata mzinga aliyeiva vizuri kwa sababu ya hili, na wakamkausha kwa hofu. Rangi si kipimo. Ndege wachanga wana mifupa yenye vitundu vidogo, na uboho wake hupenya kwenye nyama iliyo karibu ukaacha wekundu hata baada ya kuiva. Mayoglobini, ile protini inayoipa nyama rangi, mara nyingine haibadiliki kabisa mpaka joto lipite 74. Moshi na gesi ya oveni pia huacha mstari wa waridi chini ya ngozi. Kinyume chake nacho kinatokea: majimaji yanatoka meupe kabisa na ungio la paja bado liko 65.

Choma kipima joto kwenye paja, mahali linapoungana na mwili, upande wa ndani, bila kugusa mfupa. Kama ni 74 au zaidi, ameiva, hata akiwa na rangi gani. Kama nyama ya paja bado inang'ang'ania mfupa na inateleza kama nyama mbichi, mara nyingi namba itakuonyesha chini ya 70. Katika hali hiyo kata mapaja, yarudishe peke yake, na kidari kianze kupumzika.

Na kipima joto chenyewe kinahitaji kuaminika. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza ncha. Isome 0. Ikisoma 3, toa 3 kwenye kila unachopima.

## Muda umekwisha, hajaiva

Ndege wa kilo 5 au 6 ambaye hakujazwa kitu tumboni, kwenye nyuzi 165, huchukua takriban saa 3 hadi 3 na robo tatu. Akipitiliza sana hapo, mara nyingi kiini kilikuwa kimeganda, na dawa ni subira pamoja na foili juu ya kidari. Ikiwa hakukuwa na barafu, shuku oveni. Kitufe kinaposema 180, hewa ya ndani inaweza kuwa 160. Kipimo kidogo cha kuning'iniza kwenye waya wa oveni kitakuambia.

Aliyejazwa mkate, nyama ya kusaga au mboga tumboni ni kesi ya peke yake. Kile kilichomo ndani hufyonza majimaji ya nyama mbichi, kwa hiyo nacho lazima kifike 74 katikati, na mpaka kifike, kidari kimeshapita 80. Sijazi ndege tena. Naoka mchanganyiko huo kwenye bakuli lake, naunyunyizia supu ya shingo, na unapata ganda zuri juu.

## Ndoo ilikaa nje

Hapa sina mbinu ya kukupa. Maji ya gramu 60 kwa lita hayaui vijidudu. Yanahitaji kuwa chini ya nyuzi 4 muda wote. Kama ndege alilala kwenye ndoo jikoni, au aliingizwa kwenye maji ya chumvi yaliyokuwa bado ya moto, mtupe. Safari nyingine yeyusha chumvi kwenye robo ya maji yaliyochemka, ongeza robo tatu zilizobaki zikiwa baridi na barafu, pima, ndipo umzamishe. Friji ikiwa imejaa, sanduku la kubebea vinywaji baridi linafaa, mradi kipima joto kimo ndani na barafu inaongezwa kwenye mifuko iliyofungwa, la sivyo ikiyeyuka inapunguza chumvi. Chombo kiwe cha plastiki ya chakula, chuma kisichoshika kutu au sufuria ya enameli. Alumini tupu hugusana na chumvi ikaacha ladha ya bati.

## Ubao umefurika

Ukikata na majimaji yakatapakaa mpaka sakafuni, hukumpumzisha. Nyama ikipoa kidogo majimaji yake huwa mazito na hayakimbii. Ndege mzima anataka dakika 30 hadi 45, aliyepasuliwa dakika 20. Usiogope kuwa atapoa: mwili mkubwa hivyo hutunza joto, na mchuzi utakuwa unachemka. Muda huo ndio oveni inapata nafasi ya vitu vingine.

Wakati wa kukata, usikwangue kidari kikiwa bado kwenye mbavu. Pitisha kisu kando ya mfupa wa katikati, fuata mbavu kwenda chini, kitoe kizima, kilaze ubaoni, ndipo ukate kukatisha nyuzi, kila kipande kikiwa na ukanda wake wa ngozi. Nyuzi fupi hutafunika kama nyama yenye maji zaidi, hata pale kidari kilipopita nyuzi mbili tatu. Yaliyokusanyika ubaoni mimina kwenye mchuzi.

## Ya kesho yamekauka

Toa nyama kwenye mifupa siku hiyo hiyo, ndani ya saa mbili baada ya kuivisha, uiweke kwenye friji ikiwa vipande vikubwa pamoja na supu au mchuzi kidogo juu yake. Inafaa kwa siku tatu hadi nne. Kidari usikipashe kwenye moto mkavu: kipange kwenye sufuria yenye supu inayokaribia kuchemka, funika, zima moto, subiri kipate joto hadi 74. Mapaja hayana shida hiyo. Yanaweza hata kukaangwa mpaka kingo zikakaa kavu, na wengi huyapenda zaidi hivyo kuliko yalivyokuwa siku ya kwanza.